Mama Mkwe wa Dawa ya Manjano

Profesa wetu alikuwa hali chakula cha manjano. Naanzia hapo, maana ukishalijua hilo umeshamjua nusu. Mwanamke aliyefanya kazi na manjano miaka yote niliyomfahamu, kucha za njano, mifuko ya koti la maabara ya njano, mpaka usukani wa gari lake una alama za vidole vya njano, lakini hebu mkaribishe kwako umtilie mchuzi wa manjano uone. Atautazama kama umemtukana. "Mimi na hayo tunaonana kazini," atasema, na sahani anaisogeza pembeni. "Nyumbani kila mtu na kwake."

Alikuwa profesa kweli? Wapi! Alikuwa na shahada yake ya udaktari wa kemia, basi. Jina la Profesa alilianzisha mama mmoja anayeuza chapati karibu na geti letu pale Kongowe, Kibaha, na kabla hatujageuka mtaa mzima umeshalishika. Mwenyewe alijaribu kukataa. "Jamani, uprofesa unatolewa na chuo," alimwambia yule mama. Mama chapati akageuza chapati yake taratibu, akamjibu, "Basi chuo kimechelewa." Tangu siku hiyo Profesa akaliacha, na nadhani alilipenda.

Habari za kwao na ukoo wao sizijui. Bara huko, kwenye baridi, kwa sababu Kibaha yote tukiwa tunajipepea yeye alikuwa anatweta na kulaani jua. Mimi ni mtu wa Kibuta, Kisarawe. Nilikuwa fundi wa maabara yake: kuosha chupa, kupima, kuchemsha, na kufokewa. Nina sababu ya kueleza habari zake, na sababu yenyewe ni koo la mjomba wangu. Mjomba ni kaka yake mama, ndiye aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kanga. Ikafika wakati tonge la ugali haliteremki. Nitafika huko. Niacheni kwanza nimalizane na huyu mama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya manjano mna kiini ambacho ukikiweka kwenye chupa pamoja na chembe za saratani, zile za njia ya chakula, za tumbo, za utumbo, zinakufa. Vizuri. Sasa mpe mtu ayale hayo manjano, hakuna kitu. Kiini hakiyeyuki kwenye maji, kinaingia mwilini na kutoka bila hata salamu. Kazi ya Profesa ilikuwa kukifungia ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno, hata hadubini yetu ilikuwa haivioni, ili vikibebe mpaka kwenye uvimbe wenyewe. Alikuwa anayeyusha mafuta, anatia kiini, anamwaga kwenye maji ya moto, anapiga kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayolia kama mbu sikioni, halafu anapoza ghafla. Vitone vinaganda, kiini kimo ndani.

Wageni wenye suti wakija aliwaeleza kwa maneno marefu. Wakija akina mama aliuliza swali moja tu.

"Ukiunga mchuzi, manjano unatia kwenye maji au kwenye mafuta?"

"Kwenye mafuta, Profesa."

"Kwa nini?"

"Ukitia kwenye maji hayakolei. Yanabaki unga unga."

"Basi umemaliza. Kuna watu wamepanda ndege kwenda kusomea hilo. Mimi naunga mchuzi, ila mchuzi wangu hauonekani kwa macho."

Ganda la vile vitone alilitengeneza kwa mafuta ya kiini cha yai. Hapo ndipo balaa letu lilipokuwa. Trei za mayai zinaingia, viini vinakwenda kwa Profesa, ute unabaki, na yeye kutupa chakula hawezi. Tulikula ute wa yai wa kukaanga, wa kuchemsha, wa kuchanganya na nyanya. Mlinzi alikula mpaka akaomba likizo. Mimi mpaka leo nikiona yai natafuta kiini kwanza.

Zile chembe za saratani alikuwa anaziita wapangaji. Zinaishi kwenye chupa ndani ya kabati la joto, zinalishwa, zinabadilishiwa maji, zikijazana zinahamishiwa chupa nyingine. Sijapata kuona mtu anayechukia kitu kiasi kile na kukilisha kwa mkono wake mwenyewe. Ukiingia asubuhi, "Shikamoo Profesa," yeye anajibu, "Marahaba, wapangaji wamekula?" Habari za nyumbani, za mtoto mgonjwa, zilikuja baadaye. Kuna harusi ya mfanyakazi mwenzetu, sisi sote tumevaa sare, chakula ndiyo kwanza kinafunuliwa, Profesa anasimama na mkoba wake. Mama wa bwana harusi akamkimbilia: "Unakwenda wapi na wali hujaushika?" Akasema ana wagonjwa. Yule mama akasikitika, akauliza wanaendeleaje. "Wanaumwa vizuri tu," Profesa akasema. "Sitaki wapate nafuu kabla ya Jumatatu."

Umeme ukikatika ndiyo usiseme. Jenereta letu lilikuwa na kiburi, linawaka likijisikia. Basi Profesa alikuwa na blanketi lake zito la kwao bara, analifunika kabati, halafu analikumbatia kabisa, shavu limegusa bati, huku analitukana jenereta kwa kilugha. Tulijifunza matusi ya kule bila kujua hata moja maana yake nini.

Na mtu huyohuyo, kabla ya kuwasha ile mashine, anafumba macho: "Bwana, isilipuke." Ukimuuliza mbona mwanasayansi anasali, anakuambia sala ni yake na mashine ni ya mradi. Alituhubiria subira mpaka tukachoka, lakini kwenye foleni ya benki hakai, anatoka anakwenda kuilaumu feni kwamba haipulizi. Alibandika karatasi kwenye friji ya maabara, CHAKULA MARUFUKU, kwa herufi kubwa nyekundu, na nyuma ya chupa za dawa nikakuta dagaa wake wamefungwa vizuri kwenye mfuko. Nilipomwonyesha akanitolea macho: "Hao si chakula, hao ni mboga."

Watu walimletea majani. Loo! Watu wa Pwani na majani. Mfugaji mmoja alitoka Magindu na magome yamejaa kiroba. Wazee wa Kisarawe wakaleta mizizi. Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Aliwaketisha, akawapa ute wa yai, akauliza swali lake lile, "Umeona au umeambiwa?" Mtu akisema ameona, anaendelea: nani aliumwa, aliumwa nini, nani alimpima, yuko wapi leo? Wengi walifika kwenye nani alimpima wakaanza kutafuta kofia. Yule wa Magindu peke yake alisema, "Mimi mwenyewe, tumbo." Profesa akamwuliza tumbo lipi. "Hili," akasema, na akafunua shati. Profesa akampeleka kituo cha afya kwa gari lake, akakutwa na minyoo. Magome akayapokea, akayakausha, akayapima mwaka mzima. Hayakuwa na kitu. Akampigia simu akamwambia hivyohivyo, tena kwa heshima, kama anatoa taarifa ya msiba.

Sasa Mjomba.

Alianza kwa kuteremshia tonge na maji. Sisi tukadhani anakula haraka. Halafu muhogo ukawa haupiti, naye ni mtu wa muhogo, akakosa raha. Mwisho akawa anakunywa uji tu, na uji wenyewe anaumeza kichwa amekiinamisha upande mmoja. Mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari. Kila nikienda Kibuta namkuta amepungua, na kila nikisema hospitali anasema vidonda vya tumbo hivyo, anakunywa mizizi. Mkewe alisema, akachoka. Imamu alisema. Mama yangu alilia mbele yake. Hataki. Alikuwa amesikia kwamba huko wanapasua, na jirani yake mmoja alipasuliwa akarudi kwenye jeneza. Yule jirani alikwenda ameshachelewa, lakini nani wa kumwambia Mjomba?

Kosa likawa kwamba aliijua kazi yangu. Siku moja akaniambia, tena kwa furaha, "Nyinyi si mna dawa ya manjano ya saratani? Niletee hiyo. Hiyo nitakunywa. Kisu sitaki."

Nilikwenda kwa Profesa. Nikamwambia wazi, naomba chupa moja, ile ndogo, kwa ajili ya mjomba wangu. Alikuwa ameishika mkononi. Akairudisha kwenye friji, akafunga mlango, akauegemea.

"Hii imeua wapangaji," alisema. "Hata spiriti inaua wapangaji. Nimpe mjomba wako spiriti?"

"Profesa, hawezi kumeza."

"Nimesikia. Kwa hiyo nimpe kitu ambacho panya hajakionja, ajisikie anatibiwa, akae nyumbani anasubiri kupona, na uvimbe unaendelea kumla? Sitoi. Hata ukilia sitoi."

Nikalia. Hakutoa. Nilimchukia siku ile, sitaki kuficha, nilimchukia mpaka nikaosha chupa vibaya. Nikapanda basi, nikaenda Kibuta nikawaambia, Profesa amekataa.

Mke wa mjomba alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Amekataa?" Na uso wake, wallahi, ukang'aa. "Alisemaje hasa?"

"Amesema hatoi, hata nikilia."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Aa!" akapiga makofi. "Mtoto wewe umesoma bure. Umekwenda mikono mitupu, peke yako, unaomba kitu cha thamani kwa watu, unategemea wakupe? Mimi baba yangu alimkataa mjomba wako mara mbili. Kukataa ndiyo mwanzo wa mazungumzo."

Nikaeleza. Nikasema hii si posa, hii ni sayansi, kukataa kwake ni kukataa. Nani wa kunisikiliza? Walishamwita mshenga. Huyu ni mzee mmoja muuza nazi aliyeozesha nusu ya Kibuta, ana koti la kazi hiyo, jeusi, halivaliwi msibani wala sikukuu. Mjomba mwenyewe akasema yeye haji, mwoaji haendi kwenye posa yake.

Wiki haikuisha, mlinzi wetu akanipigia simu ya ndani. "Kuna wageni wako getini, na kuku. Wanasema kuku ni wa utafiti."

Nilitamani ardhi inimeze. Mshenga ameingia na koti, mke wa mjomba na kanga mpya, kapu la korosho, kuku kafungwa miguu anatazama mashine zetu. Profesa yuko katikati ya kazi, miwani usoni, glavu mkononi. Mshenga akakohoa.

"Hodi kwenye nyumba hii. Sisi tumetoka Kibuta. Tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri limechanua hapa kwenu. Tukasema tusipite bila kuuliza, je, lina mwenyewe?"

Profesa akanitazama. Nikainamisha kichwa, nikasema polepole, "Ni kwa ajili ya Mjomba. Wanaiposa dawa." Nikangoja bomu.

Akavua glavu, moja, ya pili. Akavuta kiti akakaa, akapanga sketi yake vizuri, na sauti ikabadilika kabisa, ikawa ya mzee wa ukoo.

"Karibuni. Ua mnaloliona ni binti yangu. Nimemlea mwenyewe, kwa mayai. Lakini wageni wangu, binti yangu bado mdogo. Bado yuko shule. Hata panya hajakutana nao."

"Tutasubiri," mshenga akasema haraka. "Sisi hatuna pupa. Tuwekeane tu uchumba, asije akachukuliwa na wengine."

"Uchumba una masharti."

"Yataje, mama mkwe."

"Kwanza, mimi simwozi mtu nisiyemjua ndani. Huyo mwoaji aende hospitali kubwa Dar, atiwe kamera kooni, nijue ana nini. Pili, watakachosema madaktari, kisu, mionzi, dripu, akifanye. Binti yangu haolewi na mwoga. Tatu, hiyo mizizi anayokunywa aimwage leo. Siwezi kumwoza mwenye wake wengine nisiowajua."

Mke wa mjomba akaguna kwa kuridhika, akaona huyu kweli mzazi. Mshenga akasimama, akashika kofia kifuani, akasema mbele yangu na mbele ya kuku, "Masharti tumeyapokea. Neno langu limekaa."

Walipotoka, Profesa akanigeukia. "Mjomba wako huwa anavunja ahadi?"

"Hapana."

"Basi tuone." Akavaa glavu kinyume, akazivua, akavaa tena.

Kibuta kukachafuka. Mjomba akasema hajui kitu, hakutuma mtu ili yeye atiwe makamera. Mshenga akamjia juu: "Nimeweka neno langu kwa watu! Wewe ukivunja uchumba leo, kesho nani atanipokea nikienda kuposa? Unataka niuze nazi tu?" Mkewe akauliza kama yeye ndiye atakayetangaza kijijini kwamba mumewe amemkimbia mchumba. Mjomba alikaa barazani mchana kutwa. Jioni akasimama, akaichukua ile sufuria ya mizizi, akaimwaga kwenye migomba.

Hospitali tulikwenda wote, na Profesa. Mjomba alimwita mama mkwe na ikabaki hivyohivyo, mbele ya wauguzi, na Profesa ni mdogo kwake. Mbele ya mama mkwe mwanamume wa Kibuta halalamiki, hanyanyui sauti, hakatai anachopewa. Jamani, tulipata mgonjwa mtiifu! Tatizo lilikuwa moja tu, lile vazi la hospitali lililo wazi nyuma. Alikataa katakata kupita nalo mbele ya mkwe wake, ikabidi Profesa ageukie ukutani kwenye ukumbi uliojaa watu mpaka kitanda kipite.

Kamera ikaonyesha uvimbe kwenye njia ya chakula. Ilikuwa saratani. Daktari akasema haijasambaa, unaweza kukatwa, ila Mjomba angechelewa kidogo tu, yeye asingekuwa na la kumwambia. Mjomba akanitazama mimi, halafu akamtazama Profesa.

"Sharti la pili," Profesa akasema.

"Nalikumbuka, mama mkwe," Mjomba akasema. Macho yalimjaa machozi.

Siku ya upasuaji, yule mtu asiyeweza foleni ya benki alikaa na mimi kwenye benchi toka asubuhi, hakunyanyuka hata kwenda kununua maji. Niliogopa. Nilikuwa nawaza, akifa humu ndani, nitarudi Kibuta na uso gani? Nikamwuliza kama anaogopa. "Sana," akasema. "Mchezo huu wa masharti nimeuanza mimi. Akifa, nimemuua kwa utani." Nikamshika mkono wake wa njano, tukakaa hivyo.

Hakufa. Alikaa hospitali, akachomwa mionzi, akarudi Kibuta amebaki mifupa na ubishi.

Ile dawa? Panya ilikutana nao. Wengine uvimbe ulipungua, wengine haukupungua, na Profesa aliandika yote mawili, hakuficha. Halafu mradi ukaisha, naye akastaafu. Siku ya mwisho aliwamwagia wapangaji dawa ya kuwaua kwa mkono wake, akasimama akiangalia chupa zikibadilika rangi. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Nimewalisha muda mrefu hawa," akaingia kwenye gari.

Baada ya hapo akawa anatukwepa. Kibuta walimwalika Idi, akasema anaumwa mguu. Wakamwalika Maulidi, mguu uleule. Mwishowe nilimfuata kwake Kongowe, Jumapili, nikamkuta anamwagilia mchicha miguu yote mizima. Nikamwambia aingie ndani akavae viatu. Akabisha, nikambishia, akavaa.

Njia nzima hadi Kisarawe alikuwa anafungua na kufunga mkoba wake. Tulipokaribia Kibuta ndipo akasema, "Nitawaambia nini? Binti niliyewaahidi nimeshindwa kumkuza."

Walimpokea kwa vigelegele. Mshenga alikuja na koti. Wakatandika mkeka, wakaleta ugali, mchicha wa nazi, kuku. Mjomba akakaa kwenye kigoda chake. Siku hizi anakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na lazima akae wima. Mke wake akanawisha watu mikono.

"Mama mkwe," Mjomba akasema, "binti hajambo?"

Profesa akaweka mikono mapajani. "Kaka yangu, nisikudanganye. Hajawa tayari. Na mimi nimestaafu. Wapo wengine wanaoendelea na kazi hiyo, wadogo, wana akili kuliko mimi, lakini mimi sidhani kama nitamwona anaolewa. Nimekuja kuvunja uchumba. Nisameheni." Na akaanza kulia, palepale, mbele ya chakula cha watu.

Mshenga, mtu wa maneno, akashika kofia yake tu. Mjomba akakata tonge dogo la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia mdomoni akaanza kutafuna. Alitafuna sana, kama walivyomfundisha. Profesa akanyanyua uso. Sote tukamwangalia shingo.

Likateremka.

"Limepita?" Profesa akauliza.

"Limepita."

Akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusa sinia, akafuta pua kwa kiganja, hana habari na watu.

"Meza tena," akasema.

Mjomba akakata tonge jingine.